Rangi ya Karoti

Shuleni, Bulembia, Kasese
1 Juni 2025

Kaka Hakim,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama, na yule kuku aliyekuwa anaatamia chini ya kitanda chake nilipoondoka. Sisi huku hatujambo. Mto unanguruma chini ya bweni usiku kucha na wasichana wapya wanadhani ni mvua. Nami mwaka wa kwanza nilidhani hivyo hivyo. Simu bado haziruhusiwi, kwa hiyo Mjomba Siraj ndiye simu yangu. Anasema atapita hapa kila akileta mizigo Kasese, lakini unamjua Mjomba: kesho yake ni wiki ijayo.

Mwalimu wa Kiswahili ametuambia tuandikie watu wetu barua za kweli, zisizo za mtihani. Wengine wameandikia marafiki. Mimi nimekuchagua wewe, kwa sababu uso kwa uso maneno hunikwama, nawe hunitania mpaka nasahau nilichotaka kusema.

Sasa jambo lenyewe. Likizoni nilikuona ukijikuna nyuma ya sikio la kushoto. Kulikuwa na kidonda kidogo chenye gamba. Nilipokuuliza ulisema ni wembe wa kinyozi. Je, kimepona?

Nyumbani hatuzungumzi sana juu ya ngozi yako. Tunasema tu, "Hakim, ingia ndani, jua kali," basi, yameisha. Lakini tangu tufungue shule nimekuwa nikikaa maktabani saa ya michezo, nikisoma juu ya ngozi na jua. Kuna vyakula vinavyoisaidia ngozi kustahimili jua. Nyanya ni kimoja, hasa zikipikwa kwa mafuta kuliko zikiliwa mbichi. Karoti, mapapai, mchicha wa dodo na mboga nyingine za kijani. Samaki wenye mafuta. Halafu nilipofika kwenye mawese nilicheka peke yangu hadi mtunza maktaba akaniangalia, maana mawese yale mekundu yanayovuka mpaka kila siku kutoka Kongo yana ile rangi ya karoti zaidi kuliko karoti zenyewe. Kumbe sombe ya Mama, kile kisamvu chake cha mawese, ni dawa. Kwa ngozi iliyokwisha kuungua, utomvu wa shubiri huipoza.

Mwambie Mama apike hivyo. Nitafurahi nikijua kwamba kitu nilichosoma kimefika kwenye sahani yako.

Kitabu kinasema pia kwamba chakula ni msaada mdogo tu, tena wa polepole, na kwamba kofia, mikono mirefu na kivuli ndiyo kinga yenyewe. Kwa hiyo kofia usiivue.

Mdogo wako,
Hidayah


Bwera
10 Juni 2025

Mdogo wangu msomi,

Wa alaykum salaam. Sisi ni wazima. Idi ilikuwa nzuri, tulikula nyama hadi Mama akasema tumwachie paka heshima yake. Kuku bado anaatamia na hataki mtu aguse kitanda, hivyo Mama analala kwa uangalifu kama mgeni. Siraj anakusalimu. Barua yako alikaa nayo garini siku kadhaa chini ya gunia la maharage, lakini imefika.

Mafundisho yako tumeyapokea. Niliisoma barua pale mpakani, chini ya mwavuli wa Katembo, unamkumbuka, yule mbadilisha fedha rafiki yangu mwenye sauti ya mwadhini. Nilipofika kwenye mawese alininyang'anya karatasi na kuwasomea wote waliokuwa pale. Sikuimaliza siku ile, ila la maana nimelishika.

Mama sasa anapika sombe karibu kila siku, inaelea kwenye mawese. Nyanya nazichemsha hadi zinakuwa uji. Karoti natembea nazo mfukoni. Katembo anasema, "Huyu muzungu wetu iko anakunywa mawese kama gari mubovu inakunywa oili." Nikamjibu kwamba gari bovu likinywa oili hutembea, yeye amekaa hapo tangu asubuhi.

Kazi inaendelea vizuri. Soma kwa bidii.

Kaka yako,
Hakim


Shuleni
15 Juni 2025

Kaka Hakim,

Assalaam alaykum. Nashukuru kwa barua, na kwa kunichekesha. Huku tumefanya jaribio la kemia na sitaki kulizungumzia. Mwenzangu wa kitanda cha juu aliota anaogelea akaanguka, lakini hakuumia.

Nimefurahi sana kuhusu sombe. Ila nina maswali mawili. La kwanza, barua yako inanuka samaki. Niliifungua darasani na watu wakageuka. Siku hizi pale kwenye cherehani za Fundi Kasim mnashona samaki ngege?

La pili nilishaliuliza. Sikio linaendeleaje?

Msalimie Mama. Mwambie nguo ya zambarau bado inanitosha.

Hidayah


Bwera
29 Juni 2025

Hidayah, daktari wangu,

Salaam nyingi kutoka huku kwenye vumbi. Mama hajambo, ila magoti. Jirani zetu wamechimba shimo la choo na sasa wanabishana nani alisema lichimbwe pale. Kuku ameangua. Vifaranga wanapita chini ya meza kama watoto wa shule wanaovuka barabara, na mmoja, hutaamini, ni mweupe kabisa kati ya weusi. Mama amempa jina langu.

Nina habari itakayokufurahisha kuliko matokeo yoyote ya mtihani. Dawa yako imefanya kazi. Juzi nilikuwa nanawa nikatazama viganja vyangu. Vina rangi. Si ile nyekundu ya kuungua, ni rangi ya dhahabu, inayokaa. Nilivisugua kwa sabuni, haikutoka. Nyayo pia, na pembeni mwa pua. Nilikwenda kumwonyesha Katembo, akavigeuza mikononi mwake kama noti anayoishuku. Akasema, "Hii ni ya kweli, haijachapwa Goma."

Hidayah, sijawahi kuwa na rangi. Sijui kama mtu aliyezaliwa nayo anaweza kuelewa. Nimefika umri huu nikiwa karatasi ambayo haijaandikwa, na sasa kuna kitu kimeanza kuandikwa.

Ule mzigo wa kichwani nimeutundika ukutani. Jua na mimi tumepatana.

Samaki ni wa Siraj. Gari lake linabeba kila kitu.

Kaka yako,
Hakim wa dhahabu


Shuleni
2 Julai 2025

Kaka Hakim,

Assalaam alaykum. Natumaini hamjambo nyote. Salamu nyingine nimeshindwa kuziandika, utanisamehe.

Mjomba Siraj alipoleta barua yako leo nilimuuliza habari za samaki. Nilimuuliza kwa utani. Akasema yeye hajabeba samaki tangu mwaka jana, na kwamba kama nataka samaki nikuulize wewe, kwa sababu ni wewe unayekwenda Hamukungu, kule ziwani, na pikipiki kuwabeba wachuuzi wa samaki. Alidhani najua. Alipoona uso wangu alianza kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo.

Kwa hiyo umeacha cherehani tangu nilipoondoka nyumbani. Umekuwa ukipita katikati ya mbuga hadi ziwani na kurudi, jua la mchana likiwa juu yako, na sasa bila kofia.

Nilikwenda kwa nesi wa shule, Nesi Loyi. Unajua ninavyoogopa kuzungumza na watu wakubwa. Nilisimama mlangoni hadi akaniuliza kama nimekuja kununua mlango. Nikamsomea barua yako, ile sehemu ya viganja. Hakucheka. Aliniambia niketi.

Alisema mtu akila mawese na karoti na mapapai kwa wingi, rangi ya vyakula hivyo hujazana kwenye ngozi, na viganja na nyayo hugeuka njano. Hutokea hata kwa watoto wadogo wanaopewa uji wa karoti kila siku. Haina madhara. Akiacha, hupotea. Mtu mweusi hugundua kwa shida, lakini kwako lazima ionekane.

Nikamuuliza kama inazuia jua. Akasema, "Mwanangu, hiyo ni rangi ya karoti, si yake. Jua halidanganyiki."

Alisema chakula kizuri ni kizuri, ule, usiache. Lakini kwa mtu mwenye ualbino kinga ni nguo, kofia pana na kivuli, na yale mafuta maalumu ya kuzuia jua. Ndivyo nilivyokuandikia mwisho wa barua ya kwanza. Nafikiri niliweka jambo kubwa mahali padogo. Tumefundishwa kuanza na salamu, kisha habari, kisha jambo, na mimi hata jambo lenyewe nililipanga vibaya.

Halafu akaniuliza kama una kidonda chochote kisichopona. Nikasema kipo, nyuma ya sikio, tangu likizo. Akauliza kama kinatoka damu. Nikasema sijui, kila nikimuuliza ananiambia habari za kuku. Kisha akasema uende hospitali Bwera kabla mwezi huu haujaisha, siku ambayo daktari wa ngozi huja. Alitaja na neno moja ambalo sitaliandika hapa.

Tafadhali, Kaka. Kofia, na hospitali.

Hidayah


Shuleni
13 Julai 2025

Kaka Hakim,

Assalaam alaykum. Mjomba Siraj amepita leo bila barua. Nilimwambia labda imeanguka chini ya kiti, akatafuta, akapata soksi moja ya mtoto na bisibisi aliyomsingizia mtu wizi wake. Barua hakuna.

Anasema barua yangu alikupa mkononi, ukaisoma ukiwa juu ya pikipiki, ukaikunja, ukaondoka.

Sina jingine.

Hidayah


Bwera
16 Julai 2025

Hidayah,

Wa alaykum salaam. Mama ni mzima. Kifaranga mweupe amechukuliwa na mwewe. Mwewe alimwona yeye kwanza, bila shaka.

Umeniandikia kwamba rangi si yangu. Sawa. Nimeacha karoti tangu siku ile, na viganja vinarudi kama zamani, kwa hiyo nesi wako ni hodari. Mpongeze.

Lakini wewe unayesoma vitabu vingi, nisikilize kidogo. Tangu nilipoanza kutambaa, kila mtu anayenipenda ananiambia neno lile lile: ingia ndani. Mama aliniambia. Mwalimu alinipa kiti mbali na dirisha. Wewe ulikuwa mdogo, hujajua hata kufunga viatu, ukanivuta shati ukisema ingia ndani. Anayenipenda ananificha, asiyenipenda ananipigia kelele ya muzungu barabarani, na mimi katikati sina pa kusimama.

Fundi Kasim ni mtu mwema. Aliniweka pembeni kabisa mwa baraza, kwenye giza zuri, na pale nikashona kaptula za watoto watakaokwenda kucheza juani. Watu wanavuka mpaka mbele yangu asubuhi hadi jioni kama maji, na mimi ni jiwe.

Halafu Katembo akanipa pikipiki ya ndugu yake aliyekwenda Beni. Siku ya kwanza nilipopita mbugani, swala walikuwa wamesimama kando ya barabara, wakainua vichwa. Hawakukimbia. Ziwa likatokea mbele. Upepo uliingia ndani ya shati. Hidayah, hakuna aliyeniambia niingie popote.

Nilikuwa na kofia siku zile. Ilikuwa inapeperuka, nasimama, naifuata vichakani, abiria anacheka. Helmeti haifuniki masikio wala shingo. Ndipo viganja vilipopata rangi, nikasema Mungu ameona.

Umewahi kupewa kitu, ukaambiwa mara moja ukirudishe?

Siendi hospitali. Wataniambia niingie ndani.

Hakim


Shuleni
20 Julai 2025

Kaka yangu Hakim,

Assalaam alaykum. Nimesikitika kwa ajili ya kifaranga. Nilikuwa nimepanga kumletea punje za mahindi.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Niliisoma hata wakati wa kujisomea jioni, ndani ya kitabu cha jiografia, na msimamizi akanisifu kwa bidii.

Sikukumbuka kwamba nilikuvuta shati. Nimejaribu kufikiri mtu akinipenda mimi hivyo kila siku, na kila akinipenda ananifungia mlango. Sijui ningefanya nini. Pengine na mimi ningekula mawese mpaka ning'ae.

Kwa hiyo sikuombi urudi barazani. Sikuombi uache pikipiki. Nisingependa usiwaone tena wale swala. Nesi Loyi anasema jua la asubuhi na mapema na lile la baada ya Alasiri si kama la mchana. Anasema pia kitambaa kizito kinashinda mafuta mengi. Wewe ni mshonaji, utajua la kufanya na hilo kuliko mimi.

Nakuomba sikio tu.

Barua iliyopita nilikwambia kuna neno sitaliandika. Niliona nikiliandika litakuwa kweli. Lakini tumekuwa tukizungukazunguka, mimi na salamu zangu, wewe na kuku wako, na neno lenyewe limekaa katikati kama mgeni asiyepewa kiti. Ni saratani. Basi, nimeliandika, na dawati langu liko pale pale, na nje wanacheza mpira wa pete. Nesi anasema ikikutwa mapema hukatwa, na mtu huendelea na maisha yake. Ikiachwa, haisubiri.

Mimi si mzuri wa kusema, na huku sina wa kunitania. Nikikukosa wewe, nitamwandikia nani?

Daktari wa ngozi anakuja Alhamisi.

Hidayah


Bwera
17 Agosti 2025

Hidayah,

Leo naanza na sikio. Salamu zitasubiri zamu yao.

Nilikwenda ile Alhamisi. Barua yako Siraj aliileta siku ile ile, safari hii hakuiweka chini ya gunia, alikuja nayo mkononi hadi stendi ya boda na kusimama hadi nilipomaliza kuisoma. Nilimpa Katembo funguo nikamwambia naenda mahali. Akauliza wapi, nikamwonyesha sikio. Akafunga kijisanduku chake cha noti, akaukunja mwavuli, tukaenda. Njiani nilimwambia atapoteza wateja. Akasema, "Mimi nachunga pesa ya watu siku muzima. Nitashindwa kuchunga mutu moja?"

Tulingoja nje kwenye foleni ndefu na mwavuli wake wa mpakani umefunguliwa juu yangu, ule wenye mistari. Watu walikuwa wanakuja kumuuliza bei ya faranga.

Daktari ni mwanamke kijana. Alilitazama sikio kwa kioo kidogo, akaniuliza tangu lini. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia ni kinyozi. Nikamwambia tangu kabla ya Ramadhani. Ndiyo, Hidayah, kabla ya likizo yako. Na damu ilikuwa inatoka, kwenye mto wangu, na nilikuwa naufua mto mwenyewe Mama asione.

Alinichoma sindano ya ganzi, akakikata kidonda chote, kisha akashona. Kwa hadhi yangu ya fundi nilimwomba anishikie kioo nione mshono. Ni mzuri kuliko wa Kasim. Nyama aliyoikata waliipeleka ikapimwe, na majibu yamefika juzi. Lilikuwa lile neno lako. Saratani ya ngozi, ya mwanzo, na kingo zote za alipokata ni safi. Nitarudi kila baada ya miezi michache wanitazame mwili mzima. Wamenipa na mafuta ya kuzuia jua, na orodha ya lini ya kupaka.

Nilimuuliza kuhusu mawese. Alicheka vizuri, si kama wanavyocheka wengine. Akasema niendelee na sombe, nipunguze tu kuogelea ndani yake. Kisha nikangoja aniambie niingie ndani. Hakusema. Aliuliza, "Unaendesha saa ngapi?"

Sasa ninaendesha tangu Alfajiri hadi jua linapoanza kuuma, halafu niko barazani, halafu baada ya Alasiri natoka tena. Swala huwa wengi zaidi asubuhi, sikujua. Nyuma ya helmeti nimeshonea kitambaa kizito, kinashuka hadi mabegani na kufungwa mbele kwa kifungo, kimefunika masikio yote mawili. Siku ya kwanza stendi nzima iliniita bibi harusi. Nilizunguka nikawapungia mikono kama bibi harusi, wakaishiwa maneno. Katembo anataka kimoja cha rangi ya mwavuli wake, ingawa hana pikipiki.

Ile rangi imekwisha viganjani. Asubuhi moja nilivitazama nikasikitika, sitakudanganya. Nilikuwa nimeshaizoea. Kisha nikashika usukani, nikaenda.

Sasa salamu. Wa alaykum salaam, mdogo wangu. Mama hajambo, magoti yamepoa, na anajua kila kitu. Alinipiga kwa kanga, halafu akalia, halafu akapika. Jirani wameyamaliza mambo ya choo. Kuku ameanza kuatamia tena, safari hii juu ya kitanda changu, na mimi ndiye ninayelala kama mgeni. Njoo haraka likizo. Nitakuja kukuchukua mwenyewe, mapema, kabla jua halijapanda. Kitambaa chako cha helmeti nimekikata kutoka kwenye kipande kilichobaki cha nguo ile ya zambarau.

Kaka yako,
Hakim